Kuuliza si Ujinga: Matembezi ya Kutafuta Uyoga Kisauni

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha, tukapewa alama, kisha tukaiweka kando. Mimi binafsi sikuielewa barabara hadi Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, nilipofuatana na wanachama wenzangu wa chama chetu cha Kiswahili kwenda kutafuta uyoga katika msitu wa mivinje wa Bamburi na katika mashamba ya Utange, huko Kisauni. Msomaji mpendwa, huenda ukajiuliza uyoga una nafasi gani katika jarida la lugha na fasihi. Nakusihi univumilie hadi mwisho.

Kwetu Changamwe uyoga haukuwa ukiingia mlangoni. Mama yangu ni mzaliwa wa Magharibi mwa Kenya, ambako uyoga, au obwoba kama uitwavyo huko, ni kitoweo cha heshima. Hata hivyo, katika umri wangu wote sikuwahi kumwona akiupika wala akiununua. Nilipokuwa mdogo nilidhani hapendi ladha yake. Nilipofika kidato cha pili ndipo aliponieleza, tena kwa maneno machache, kwamba mdogo wake wa kiume aliokota uyoga alipokuwa akitoka kuchunga, akauchoma kwenye makaa na kuula peke yake. Usiku alitapika na kuharisha. Kesho yake alitulia, akaomba uji, akatoka hata uani kucheza. Watu wakamshukuru Mungu. Siku ya tatu macho yake yaligeuka manjano, na ya nne akafariki. Alikuwa na miaka minane. Huyo ndiye mjomba wangu, mjomba ambaye mimi nimeshamzidi umri mara tatu.

Kwa hivyo, chama kilipotangaza safari hii, nilijiandikisha bila ya kumwarifu mama.

Chanzo cha safari kilikuwa mjadala wa istilahi. Katika kikao kimoja, mhadhiri wetu mlezi alitutaka tutaje kwa Kiswahili sehemu za uyoga. Tulitaja kofia na shina, tukakwama hapo. Akatutania kwamba tunaweza kuchambua mofimu za neno lolote duniani ila hatuwezi kutaja kitu kinachoota nyuma ya bweni letu. Tuliinamisha vichwa. Wiki mbili baadaye tulikuwa watu kumi na mmoja, kila mmoja na daftari lake, tukishuka matatu pale Bamburi Mtambo. Tulikuwa pia na mwenzetu mmoja wa idara ya botania, aliyekubali kutuongoza kwa sharti kwamba asisahihishwe sarufi.

Msitu wa Bamburi una historia ambayo inafaa kuelezwa kwanza. Kiwanda cha saruji cha hapo kilianza uzalishaji mwaka 1954, na malighafi yake ni mawe ya matumbawe ya kale. Baada ya mawe kuchimbwa, pakabaki jangwa jeupe lisilo na udongo, lenye chumvi na joto kali. Mwaka 1971 Mswisi René Haller, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alianza kupanda miti katika machimbo hayo. Alijaribu aina 26, na tatu tu ndizo zilizostahimili, mojawapo ikiwa ni mvinje. Lakini majani ya mvinje, yale yanayofanana na sindano, yalianguka na kulala tu juu ya mawe bila ya kuoza. Bila ya kuoza hakuna udongo. Ndipo Haller alipoleta majongoo. Majongoo wakatafuna majani hayo, na kinyesi chao kikawa chakula cha viumbe wengine wadogo wasioonekana kwa macho. Mwaka baada ya mwaka, udongo ukajijenga juu ya mawe.

Tulipoingia msituni asubuhi ile, tulikanyaga zulia la majani makavu ya mvinje, jekundujekundu, lililolowa mvua ya usiku. Watu wa nchi za baridi husubiri majira ya kupukutika kwa majani, mwezi wa Septemba na Oktoba, ndipo waende misituni na vikapu vyao kutafuta uyoga. Sisi wa pwani hatuna majira hayo. Majira yetu ya uyoga ni masika na vuli, ardhi inapolowa na joto likiwepo. Mvinje hupukutisha majani yake mwaka mzima, na masika huyaozesha.

Kwa robo saa ya kwanza hatukuona kitu. Kisha mmoja wetu akachutama, akapiga ukelele, na tangu hapo ikawa kana kwamba tumefunguliwa macho. Juu ya gogo lililoanguka palikuwa na uyoga mgumu mithili ya rafu za ukutani, wenye rangi ya chungwa iliyoiva. Kwenye tawi bovu paliota uyoga laini wa hudhurungi uliojikunja kama masikio ya mtoto; tuliugusa, tukaona kwamba hata baridi yake ni ya sikio. Pembeni mwa njia, katika majani, palisimama kundi la uyoga mwembamba wa kijivu, usiozidi kimo cha kidole. Kiongozi wetu alituambia tuutazame vizuri kwa sababu ifikapo adhuhuri hautakuwepo. Na kweli, tuliporudi tukaona doa jeusi tu.

Alitueleza pia jambo lililonishangaza: uyoga si mmea. Hauna majani ya kijani na hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Tangu mwaka 1969, Mmarekani Robert Whittaker alipopendekeza himaya tano za viumbe, kuvu wamehesabiwa kuwa himaya yao wenyewe. Kile tukionacho na kukiita uyoga ni tunda tu. Kiumbe chenyewe ni nyuzi nyembamba zilizojitandaza ndani ya mti au ardhini, zikiyeyusha kilichokufa na kukirudisha katika udongo.

Ni hapo kwenye gogo ndipo mjadala wa istilahi ulipofufuka. Kiongozi wetu alipindua kofia ya uyoga mmoja akatuonyesha vipazia vyembamba vilivyopangana chini yake, akavitaja kwa jina la Kiingereza ambalo ni lilelile litumikalo kwa samaki. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mvuvi wa Mtongwe, akasema bila ya kusita, “Basi ni matamvua. Kwetu samaki anapumua kwa matamvua, na mkeka nao una matamvua pembeni.” Tukatazama tena. Jina likakaa mahali pake. Tukaandika: matamvua. Ule utepe unaozunguka shina tukauita pete. Vumbi linalodondoka kutoka kwenye matamvua, ambalo ndilo mbegu ya kuvu, tukaliita vimbegu. Wawili kati yetu waligombania ngeli ya neno uyoga, mmoja akishikilia kuwa lina wingi, mwingine akikana, hadi tukalazimika kuwaacha nyuma.

Saa sita tulitoka msituni, tukapitia Kiembeni hadi Utange, shambani kwa bibi wa katibu wetu. Bibi huyu ni Mgiriama. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba mmoja mmoja bila ya kumruka mtu, akatukalisha chini ya mwembe na kutuletea madafu. Katibu alipomweleza tulichokuja kutafuta, alicheka, akasema, “Mmesoma hadi chuo kikuu, kisha mnakuja kwangu kuulizia uyoga?”

“Ndiyo, hawe,” katibu akamjibu. “Vitabu vyetu vimetuishia.”

Akatuelekeza kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya mikorosho, akatutuma tuokote, naye atatuambia upi ni upi. Tulitawanyika kama watoto. Mimi nilikuwa nimeshika kikapu. Ubavuni mwa kichuguu palikuwa na uyoga mweupe wenye kofia iliyochongoka katikati. Tukauchuma, baadhi yetu kwa pupa hata shina likakatikia juu. Nikiwa njiani kurudi nikaona, kwenye nyasi fupi za uani, uyoga mwingine uliojipanga kama duara. Huo ulikuwa mkubwa zaidi, mweupe pia, wenye magamba ya hudhurungi juu ya kofia na pete shingoni. Ulikuwa mzuri ajabu. Nikauchuma wote na kuujaza kikapuni juu ya ule wa kichuguu. Mwenzangu mmoja aliupiga picha kwa simu yake, na programu ya simu ikatoa majina matatu. Mojawapo, ilisema, ni la uyoga unaolika. Tukashangilia. Mmoja wetu tayari alikuwa akiulizia kitunguu.

Bibi alikipokea kikapu, akatazama, na tabasamu lake likatoweka. Hakuuliza kitu. Alitembea hadi ukingoni mwa shamba, akamwaga kikapu chote shimoni, ule wa uani pamoja na ule wa kichuguu, akakisuuza kwa maji na kurudi kuketi. Nilipata ujasiri wa kumuuliza kwa nini asingechagua ule mzuri akautupa mbaya tu.

“Mwanangu,” akanijibu, “mmeukata bila ya mzizi. Sasa nitaujuaje? Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu, unaingia chini hadi kwa mchwa wenyewe. Ukiuchimba taratibu utauona. Huu wa nyasini hauna. Mkishauchanganya na kuukatakata, hata mimi siujui tena. Na nisichokijua sikipiki.”

Mmoja wetu akamuuliza kama ni kweli kwamba uyoga wenye sumu huigeuza sarafu ya fedha kuwa nyeusi, au kwamba uliotafunwa na wadudu ni salama kwa binadamu. Bibi akatikisa kichwa. “Mimi siujui uyoga wote,” akasema. “Naujua wangu. Naujua pale unapoota, mvua ipi inauleta, na kwamba huja baada ya kumbikumbi kuruka. Huo ndio ninaokula. Mwingine wote napita.”

Kiongozi wetu, aliyekuwa kimya muda huo wote, alisema kwamba hivyo ndivyo wanavyofundishwa maabarani, ila kwa maneno mengi zaidi. Hakuna kipimo kimoja cha nyumbani kinachotenga uyoga mzuri na mbaya. Sarafu haifui dafu, kwani sumu nyingi za uyoga haziigusi fedha. Kuna konokono na wadudu wanaokula uyoga unaoweza kumuua mtu. Kuna sumu isiyoharibiwa na moto, hata ukitokosa chungu mchana kutwa. Kisha akatueleza habari za mchwa: kwamba hawawezi kuvunjavunja miti na majani makavu peke yao, kwa hivyo huyakusanya kichuguuni na kuyajengea kitalu, wakaotesha humo kuvu wao maalumu, na kisha wakala mazao ya kitalu hicho. Ukulima huo walianza hapa Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita. Uyoga wa kichuguu ni tunda la shamba la mchwa, na ule mzizi aliousema bibi ni njia yake ya kupanda kutoka kitaluni hadi juani.

Nilimvuta kando nikamsimulia kisa cha mjomba. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama nina hakika kwamba siku ya pili alipata nafuu. Nikamwambia ndivyo mama asemavyo. Akashusha pumzi. Ipo jamii ya uyoga, akasema, ambayo sumu yake hukaa saa sita hadi kumi na mbili, au hata zaidi, kabla ya kuonyesha dalili. Mgonjwa hutapika, kisha hutulia kama aliyepona. Kumbe wakati huo ini linaharibika. Nafuu ile ndiyo inayowahadaa watu wasimkimbize hospitali. Nilisimama pale chini ya mkorosho nikawaza uji alioomba mjomba, na namna watu walivyofurahi alipounywa.

Kabla hatujaondoka, kiongozi wetu alirudi shimoni akaokota kofia moja ya ule uyoga wa uani, akaifunga kwa karatasi na kunikabidhi. Aliniagiza niiweke juu ya karatasi nyeupe, matamvua yakiwa chini, niifunike kwa bakuli na kuiacha usiku kucha. Nilifanya hivyo bwenini. Asubuhi nilipoinua bakuli na kofia, nilikuta karatasi imechorwa duara la mistari myembamba, kama miali ya jua, na rangi yake ni ya kijani kibichi kilichofifia. Vimbegu vya uyoga wa kichuguu huwa na weupe unaoelekea waridi. Vya kijani ni alama ya uyoga mmoja unaopenda viwanja vya nyasi katika nchi za joto. Aghalabu hauui mtu mzima, bali humtapisha na kumharisha hata akatamani kufa, na kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi. Kikapu changu kilikuwa cha watu kumi na mmoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari suala la istilahi kwa namna nyingine. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafariki kwa kula mahindi yaliyoota kuvu baada ya kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Wataalamu wana jina la Kiingereza la sumu hiyo. Jina hilo ukimtajia mkulima, hana pa kulishika. Kiswahili kinayo istilahi inayotumiwa sana nchini Tanzania: sumukuvu. Yeyote akisikia sumukuvu ameshajua mambo mawili: kwamba ni sumu, na kwamba inatoka kwa kuvu. Kilichobaki ni kumwambia aanike mahindi yake vizuri. Mimi huona kwamba neno kama hilo limefanya nusu ya kazi ya daktari kabla daktari hajafika.

Lakini neno haliundwi na sisi peke yetu vyumbani. Tamvua lilitoka kwa mvuvi wa Mtongwe na mzizi ukatoka kwa bibi wa Utange. Mwaka 2003 watafiti Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walichapisha kwa Kiingereza kitabu kizima juu ya uyoga wa Tanzania. Kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili, kwa ajili ya pwani yetu, bado inatungoja sisi tunaojiita wanafunzi wa lugha. Kuisubiri idara ya botania itufanyie ni kumwachia jirani jembe letu.

Jumapili ile nilivuka kwenda Changamwe, karatasi ikiwa katikati ya kamusi yangu. Nilimkuta mama akichambua mchicha. Nilimweleza nilikokuwa, nikiwa tayari kukemewa. Hakunikemea. Alifuta mikono, akaichukua karatasi, akaisogeza mwangani na kuitazama kwa muda mrefu. Nikamweleza pia yale niliyoambiwa juu ya nafuu ya siku ya pili. Kwa miaka mingi, akaniambia, alijilaumu, kwani yeye ndiye aliyempikia mdogo wake ule uji badala ya kumwita baba yao aliyekuwa shambani.

Kisha akaanza kuzungumza. Akanitajia kwa lugha ya kwao aina tano za uyoga, kila moja na jina lake: ule wa kichuguu mkubwa, ule mdogo unaoota kama mchanga uliomwagwa, ule wa magogo, ule unaokaushwa na kuwekewa wageni, na ule ambao mtoto hufundishwa kuupita. Nilidhani mama yangu hajui uyoga. Kumbe aliujua kuliko sisi sote tuliokwenda Bamburi, ila alikuwa ameufungia ndani pamoja na msiba wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Niliandika majina yote matano daftarini, chini ya matamvua, pete na vimbegu. La mwisho nililipigia mstari.

Ndugu msomaji, masika yajayo chama chetu kitatembea tena. Njoo na daftari, na kabla ya kuja, muulize mzee mmoja wa kwenu.